Nina Shahada, Nikarudi Kusomea Ufundi wa Majokofu

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yakishatangazwa mwezi Januari, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni wazazi wa hapa Mwanza, wengine wateja wangu, wengine majirani wa tangu enzi za Igogo. Mtoto kapata daraja la nne, au la tatu la mwishomwisho. Sasa wamsukume arudie mtihani, wamtafutie chuo cha kumpandisha taratibu mpaka afike shahada, au wampeleke VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali? Wananiuliza mimi kwa sababu njia zote mbili nimezipita. Nina shahada ya sosholojia. Nina pia cheti cha ufundi wa majokofu na viyoyozi, na hicho ndicho kinacholipa pango la karakana, ada za watoto na dawa za mama. Wengi hutegemea niwaambie kwa sentensi moja kwamba shahada siku hizi haina maana. Sisemi hivyo, kwa sababu siamini hivyo.

Ufundi niliukuta nyumbani. Mjomba wangu alikuwa fundi friji Igogo kabla sijazaliwa, na likizo za shule nilishinda karakanani kwake nikimshikia taa na kumsugulia mabomba ya shaba kwa msasa. Hakukanyaga darasa la ufundi. Alifundishwa na fundi, ambaye naye alifundishwa na fundi, na alichokuwa nacho kilikuwa kikubwa. Aliweka kiganja juu ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ndani ya friji, akainamisha kichwa, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Vali zimechoka hizi, mama," na kompresa ikipasuliwa unakuta ni kweli. Gesi alijaza kwa kukadiria kwa macho. Akiona barafu nyembamba imetambaa kwenye bomba la kurudia, linalorudisha gesi kwenye kompresa, mpaka mahali anapopajua yeye, anafunga. Kwa friji za zamani za gesi ya R12, na hata za R134a zilizofuata, macho yale yalitosha. Wauza samaki wa soko la Mwaloni, Kirumba, walimwamini kuliko fundi yeyote mjini, na friza ya muuza sangara ikifa usiku hasara haingoji kupambazuke.

Hata hivyo, hakuna aliyewaza kwamba mimi ningeishia pale. Baba alikuwa karani wa reli. Alifanya kazi miaka mingi chini ya vijana aliowafundisha kazi yeye mwenyewe, kwa kuwa wao walikuja na karatasi na yeye hakuwa nayo. "Mwanangu, mimi wamenifunga cheo. Wewe hawatakufunga." Siku hizi watu humcheka mzazi wa aina hii, wanamwona mtumwa wa vyeti. Mimi simcheki. Serikalini na kwenye mashirika mengi ngazi ya mshahara hufuata cheti, na mtu aliyeumizwa na jambo hilo ana haki ya kumwepusha nalo mwanawe.

Nikasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Chuo kikuu kilinipa vitu ninavyovitumia mpaka leo: kusoma waraka mrefu wa Kiingereza bila kuuogopa, kumhoji mtu bila kumlisha majibu, kuandika ripoti ikaeleweka. Kazi hakikunipa. Nilipata vibarua vya miradi, kujaza madodoso vijijini Magu na Misungwi, na mradi ukiisha na riziki imeisha. Nikaitwa kwenye usaili nikakuta ukumbi umefurika vijana wenye shahada kama yangu, wengine wamefaulu kunizidi, tunagombea nafasi za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hatukuwa wavivu, wala hatukuwa wajinga. Tulikuwa wengi mno kwa kazi zile zilizokuwapo.

Kilichonigeuza ni friji moja ya nyumbani, mpya kabisa, iliyoletwa kwa mjomba siku ambayo nilikuwa nimepita tu kumsalimia. Haipozi. Mjomba akafunga geji ya kupimia mgandamizo wa gesi, akawasha, sindano ikashuka chini ya sifuri. Kwa uzoefu wake wa miaka yote, sindano ikiwa pale maana yake gesi imeisha. Akazima, akawasha tochi ya gesi, ile ya kuchomelea, ili afungue bomba la kujazia. Bomba lilipoachia tu, ulimi wa moto ukaruka kimo cha mtu. Mjomba alijitupa nyuma, kijana wake akamwaga mchanga, na kwa rehema za Mungu waliungua nyusi tu. Moto ulipozimika niliinama nyuma ya ile friji nikasoma kibandiko. Kulikuwa na pembetatu yenye alama ya mwali, na chini yake R600a, gramu 45. R600a ni isobutani, gesi inayowaka. Friji inapofanya kazi, upande wa kurudia wa gesi hiyo huwa na mgandamizo mdogo kuliko wa hewa tunayovuta, kwa hiyo sindano kushuka chini ya sifuri ni hali yake ya kawaida. Sindano ile haikusema kwamba gesi imeisha. Hayo yote sikuyajua siku ile. Nilijua kusoma kibandiko tu. Mjomba naye alijua kila kitu kuhusu friji isipokuwa kilichoandikwa pale.

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Mikono ya mjomba ilikuwa na elimu ambayo chuo kikuu hakikunipa, na mimi nilikuwa na kitu ambacho kingeiokoa mikono ile. Nikaomba nafasi chuo cha ufundi stadi. Baba hakusema neno kwa siku kadhaa. Mama aliuliza swali moja tu: "Na wale utakaosoma nao, si watakuwa watoto kwako?" Walikuwa watoto kwangu, naam, na wengi walinishinda.

Ada haikuwa tatizo, na hili wazazi wengi hawalijui. Kwenye vyuo vya VETA, kozi ndefu imekuwa ikitozwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, nje ya vifaa na mahitaji mengine. Zipo familia zinazouza shamba ili mtoto asome shahada asiyoipenda, wakati ng'ombe mmoja angemaliza ada ya kozi nzima ya ufundi na chenji ikabaki.

Niwaeleze kipindi kimoja, maana ndicho kilichonionyesha ninapata nini pale. Mwalimu aliweka kompresa mezani, imekufa, haina nembo, haina maandishi. Ina pini tatu: komoni, yaani ya pamoja, stati ya kuwashia na rani ya kuendeshea. Ukiunga waya wa fezi pasipo pake, unaichoma koili, ule waya uliosokotwa ndani yake. Karakanani kwa mjomba pini tulizijua kwa kukariri: aina hii komoni iko juu, aina ile iko kushoto, na ikija aina ngeni tunabahatisha kwa maombi. Mwalimu akatupa multimita, kifaa cha kupimia umeme, akasema pimeni ukinzani wa pini mbilimbili, muandike. Tukapata omu 6, omu 14 na omu 20. "Haya, ipi komoni?" Kimya. Akachora ubaoni: koili mbili zimeungana mahali pamoja, na mahali hapo ndipo komoni. Ukipima stati na rani unakuwa umepita koili zote mbili, ndiyo maana ni 20, yaani 6 na 14 zikijumlishwa. Basi pini ambayo haikuguswa kwenye kipimo kikubwa ndiyo komoni. Kutoka komoni, kwenye omu nyingi ni stati, kwenye omu chache ni rani. Kwisha. Kompresa yoyote duniani ya aina ile, nimewahi kuiona au sijawahi, pini zake nazijua ndani ya dakika moja. Alieleza kwa Kiswahili, akaturuhusu tupime tena na tena, na aliyekosea aliambiwa na mita yenyewe kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Katika miaka yangu yote ya shule na chuo kikuu sikuwahi kusahihishwa namna ile. Insha yangu ya sosholojia ilirudi baada ya wiki nyingi ikiwa na alama nyekundu, na kama nilikosea sikujua nimekosea wapi. Karakanani kosa linajitangaza lenyewe, papo hapo, mbele ya wenzako, na unalirekebisha jioni ileile. Kijana anayesomeshwa hivyo hubadilika. Nimewaona watoto waliokuja wameinamisha vichwa kwa sababu ya daraja la nne, wakaondoka wanajibizana na mwalimu kuhusu kwa nini kiyoyozi hakipozi, kwa hoja na vipimo. Kwangu mimi hii ndiyo thamani kubwa ya shule ya ufundi, na inanisikitisha kwamba tukiitetea tunataja ajira tu.

Pale ndipo pia nilipoelewa ugonjwa ambao mjomba aliuita kigeugeu. Friji inapoza vizuri asubuhi, mchana inagoma, ukiizima ikapumzika inapoza tena, kisha inagoma. Mjomba aliongeza gesi, akabadilisha kidhibiti joto, akarudishiwa friji ileile mara tatu. Sababu ni unyevu. Maji kidogo tu yakibaki ndani ya mfumo huganda kwenye mdomo wa kapilari, lile bomba jembamba kama sindano, pale gesi inapotokea kuingia kwenye baridi. Barafu ile huziba njia. Ukizima inayeyuka, ukiwasha inaganda upya. Dawa yake ni kubadilisha kichujio, kuvuta vakyumu, yaani kutoa hewa na unyevu wote, kwa pampu halisi kwa muda wa kutosha, halafu kupima gesi kwenye mizani. Mjomba alivuta hewa kwa kompresa kuukuu ya friji, ambayo haina uwezo wa kutoa unyevu wote. Nilipomweleza alikaa kwenye kigoda, akatikisa kichwa, akasema, "Miaka yote hiyo, mama." Kesho yake aliniuliza bei ya pampu.

Kisha nikaenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, na huko nikakutana na hoja ya upande wa pili, ile ambayo watetezi wa ufundi huiruka. Chumba kimoja cha baridi kilikuwa hakifikii nyuzi joto zinazotakiwa. Mafundi, watu hodari, walikuwa wamebadilisha kila kinachobadilishika. Akaja mhandisi, mama wa makamo mwenye shahada yake, akakaa na daftari. Aliuliza tani ngapi za samaki zinaingia kwa saa na zikiwa na joto gani, ukuta una unene gani, mlango unafunguliwa mara ngapi, ndani wanafanya kazi watu wangapi, taa ni za aina gani. Akajumlisha joto lote linaloingia mle kwa siku, akaonyesha kwamba mashine haikuwahi kukitosha kile chumba tangu siku kilipojengwa. Hakuna fundi ambaye angeliona hilo kwa kuweka kiganja juu ya kompresa. Hesabu ile inataka miaka ya chuo. Kwa hiyo mtu akiniambia nchi haihitaji wenye shahada, namkumbuka mama yule.

Ila mama yule alikuwa na makovu ya tochi mikononi. Alianzia chuo cha ufundi, akaenda stashahada, akamalizia shahada. Tangu hapo nimeamini kwamba tunakosea tunapozipanga elimu hizi mbili kama wagombea wa kiti kimoja. Jambo la kuuliza ni mkono wa mwanafunzi unaanza lini kugusa kitu halisi, na je, mlango wa kupanda juu uko wazi kwa aliyeanzia chini.

Nimewapokea vijana wa kila namna karakanani kwangu. Mmoja alikuja na shahada ya uhandisi. Alikuwa anachora mzunguko wa jokofu kwenye karatasi vizuri ajabu, lakini tochi ya gesi hajawahi kuiwasha, na mikono ilimtetemeka. Nilimweka na binamu yangu achomelee mabomba ya kutupa mpaka mikono itulie. Ilipotulia, akatupita sote kwa kubaini hitilafu, kwa sababu kila alichogusa alijua kinatakiwa kufanya nini. Mwingine alitoka kozi ya ufundi, mkono wake mtamu, kiungo chake cha shaba unaweza kukitundika ukutani. Huyo alikwama kwenye hesabu za sehemu na desimali. Kwenye friji ya gramu 45 alishindwa kusoma mizani aseme zimebaki ngapi, na kwa gesi ya aina hii gramu chache za ziada zinatosha kuharibu kazi. Kwa hiyo mzazi anayeniambia "huyu hesabu hazimo, nampeleka ufundi" namjibu kwamba huko ndiko hesabu zinakomfuata kila siku.

Kuhusu pesa nitasema wazi. Cheti peke yake hakifungui karakana. Geji, pampu ya vakyumu, mizani, mtungi wa naitrojeni, tochi, vifaa vya kupanulia mabomba, vyote kwa pamoja vinazidi ada ya kozi mara nyingi sana. Nimewaona wahitimu wazuri wakigeuka madereva wa bodaboda kwa kukosa vifaa hivyo, na hilo linaniuma. Mimi niliviazima kwa mjomba, kisha tukaunda kikundi cha wanawake tukaomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Hauna riba. Hapo sosholojia ikafanya kazi yake. Andiko la mradi niliandika mimi. Baadaye mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST ulipoanza mwaka 2023, kikundi kilijisajili kwenye makundi maalumu ambayo sheria inayatengea asilimia 30 ya zabuni, na nyaraka zote nilijaza mimi. Mafundi wazuri kuliko mimi wako mtaani hawajui hata kama nafasi hiyo ipo. Ningekuwa na mamlaka, kila kozi ya ufundi ingekuwa na somo la kuandika makadirio ya bei na kusoma mkataba.

Mjomba? Nilimpeleka kurasimisha ujuzi. VETA wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani, wanaangalia anachokijua, wanamfundisha anachopungukiwa, kisha wanampa cheti. Alikuwa mzee kuliko wote pale, na vijana walimwamkia kabla ya kila jaribio. Cheti kipo ukutani karakanani. Baba alikuja siku ile tunakitundika, akakisoma herufi kwa herufi, akamshika shemeji yake mkono muda mrefu.

Kwa hiyo wazazi wanapopiga simu nawauliza maswali kabla sijajibu. Mtoto akiachwa peke yake hufanya nini, anafungua redio au anasoma? Chuo mnachokitaka mmekitembelea? Msiishie ofisini, ombeni kuona karakana. Hesabuni wanafunzi wangapi kwa mashine moja. Gusa mashine: yenye vumbi haitumiki. Ulizeni fildi wanapelekwa wapi, na mwalimu mara ya mwisho alifanya kazi hiyo nje lini. Hakikisheni kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, maana vipo vyumba viwili vya nyuma ya duka vinavyojiita chuo na vinafundisha umeme kwa picha. Maswali hayohayo kiulizeni chuo kikuu. Shahada ya sayansi ambayo maabara yake imefungwa kwa kufuli haina tofauti na chuo cha picha.

Na lipo hili la mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi, ulioanza shule za sekondari mwaka 2024. Ninaufurahia kuliko jambo lolote la elimu lililofanyika tangu nimalize shule, kwa sababu mtoto atagusa waya akiwa na miaka 14 badala ya kusubiri afeli kwanza. Lakini amali bila karakana itageuka notisi za ubaoni. Nimezungumza na mwalimu wa umeme wa shule iliyo jirani yangu, nikampelekea kompresa mbovu ambazo nimezikata katikati ili watoto waone koili, pistoni na vali kwa macho yao. Pini nimeziacha zote tatu. Anachokosa sasa ni multimita, anayo moja kwa darasa lenye wanafunzi wengi. Fundi mwenzangu unayesoma hapa, ile mita yako ya akiba iliyolala kwenye droo, uliza shule ya amali iliyo karibu nawe wanahitaji nini, kisha nenda nayo mwenyewe uwaonyeshe namna ya kupima.